Bango Nililolichapa Mwenyewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe hata na ninyi mliokaa karibu na mlango mkiwa tayari kuondoka. Nawajua. Hata mimi, kwa moyo, nilikaa hapo miaka.

Mimi ni Mchungaji Rhoda, mzaliwa wa Vihiga. Kazi ya mikono yangu ni kuchapa. Niko River Road, dukani, nachapa kadi za harusi, programu za mazishi na mabango ya krusedi, ile mikutano ya injili ya uwanjani. Leo sihubiri. Leo naungama juu ya bango moja.

Ndugu zangu, mimi ni mwanamke ninayependa wanawake. Nilijua nikiwa msichana. Nilijua pia kwamba Yesu ananipenda, na hayo mawili niliyaweka vyumba tofauti yasikutane. Nilipokuja Nairobi nilijiunga na kanisa moja ghorofani, karibu na kazini. Nililipenda kanisa lile, nisiseme uongo. Pale ndipo nilipojifunza kuomba mpaka magoti yanakufa ganzi. Lakini siri ilinila. Nikamwendea mchungaji wetu, nikamweleza yote. Hakunifukuza. Alinifungisha siku saba bila kula, wazee wakaniwekea mikono, na Jumapili nikapewa kipaza sauti nishuhudie.

Hapo ndipo nilipopotea. Kanisani kwetu mtu akiombewa hashuki madhabahuni bila ushuhuda. Ukisema bado hujapona, unaambiwa ukiri kwa imani, matokeo yatafuata. Basi nikakiri. Nikasema imenitoka, niko huru. Watu walilia, wakaruka. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka nyumbani kwa ajili ya siku hiyo, alivua kitambaa cha kichwa akakipunga hewani. Haikuwa imenitoka hata kidogo.

Uongo ule ukanipandisha cheo. Nikafanywa kiongozi wa maombi, watu wakaanza kuniita mchungaji. Krusedi ilipokaribia, picha yangu ikawekwa kwenye bango: Alifungwa, Sasa Yuko Huru. Kazi ikaletwa dukani kwetu, na aliyekuwa na zamu kwenye mashine ni mimi. Niliangalia uso wangu ukitoka, karatasi baada ya karatasi, unacheka. Nikazifunga kwa kamba, nyuso zikitazama chini.

Baada ya krusedi akaja kanisani msichana mmoja wa chuo, Njoki, mwenyeji wa Limuru. Alikuwa amelibandua lile bango ukutani, amelikunja vizuri mkobani. Midomo yake imepasuka, macho yameingia ndani. Akaniambia yeye ni kama nilivyokuwa, na kwamba yuko siku ya kumi na moja hajala.

"Mchungaji, wewe ilikutoka siku ya ngapi?" akaniuliza. "Nisije nikaacha kabla."

Ndugu zangu, nilipiga hesabu. Nikimwambia siku ya saba, ataona amekosea, ataanza kufunga upya, na atakufa kwa ushuhuda wangu. Nikisema kweli, nimepoteza kanisa, nimepoteza mama. Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Nilisikia tumbo la mtoto wa watu likinguruma.

"Haikunitoka," nikamwambia. "Niko vile vile. Na Mungu pia hajanitoka."

Alilia kwanza kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa, na alikuwa na haki. Kisha tukashuka ngazi, nikamtafutia uji, nikamshikia kikombe kwa sababu mikono yake haikuwa na nguvu. Alikunywa polepole. Na pale, mchana, kelele za River Road zikiendelea, nikagundua ile hofu iliyonikalia kifuani tangu utotoni haipo. Wazee waliniwekea mikono, haikutoka. Ilitoka siku niliyoacha kudanganya.

Jumapili nilishika kipaza sauti kile kile nikasema ukweli. Sikumaliza, walikizima. Wazee wakanisindikiza mpaka kwenye ngazi. Mama akapiga simu kusema nisifike nyumbani, na mwaka mzima hakupiga tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Nami naujua uchungu wa mzazi.

Mkanipokea ninyi mlio kama mimi, hapa Kileleshwa, sebuleni mwa watu, tukiimba kwa sauti ya chini kwa sababu ya majirani. Mlipoomba niwachunge nilikataa mara mbili. Nikauliza, ni nani atakubali mkate wa Bwana kutoka mkono uliodanganya hivi? Njoki alisimama pale karibu na dirisha.

"Mimi nilikunywa uji kwa mkono huo," akasema. "Na niko hai."

Mwezi uliopita mama alikuja. Hakuna aliyemwita. Alikaa mlangoni, mkoba mapajani, hakuimba. Nilipomfikia na mkate aliitazama sana mikono yangu, yenye wino wa dukani usiotoka kwa sabuni.

"Haya, nipe," akasema.

Mengine bado hatujaongea. Lakini alikula, na leo yuko safu ya pili. Jina la Bwana libarikiwe.

Basi wewe uliye mlangoni, mlango haujafungwa, na ukitaka kwenda hatutakushika. Lakini kama umekuwa ukijinyima chakula ili Mungu akupende, acha leo, nakusihi. Mtumaini Yeye aliyekujua kabla hujajijua. Kiti ulichokalia ni kile alichokalia mama, na mkate ninakuletea hapo hapo ulipo.