Karai Atundika Daluga

Baada ya misimu kumi na minane katika ngome ya Sportivo Ysapy, Fidencio Ovelar, jezi namba nne, alicheza mechi yake ya mwisho Jumapili tarehe 1 Desemba 2024. Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi hii tarehe 14, saa kumi jioni, uwanjani kwetu hapa Ypacaraí. Jumatatu anahamia Encarnación na mkewe, kufundisha watoto mpira. Katibu wetu, Don Arsenio, amenipa mimi ukurasa huu kwa sababu, alisema, "Wewe Mama Obdulia ndiye uliyefua jasho lake lote." Ni kweli. Akaniomba pia nisitie chumvi. Hilo sikumuahidi.

Alikuja Februari 2007, kijana wa miaka kumi na minane, mrefu, mwembamba, mwenye adabu za mzee wa miaka sitini. Wenzake walinitupia soksi zilizoviringana na matope, nami nikawatukana. Yeye alizigeuza, akazipanga mbili mbili kwenye beseni, kisha akaniamkia. Ndiyo maana tukamwita Karai, bwana mkubwa. Jina likamganda.

Kwa miaka yote hiyo alifunga magoli mawili, na moja lilikuwa langoni mwetu. Kwa hilo alimletea kipa chipa, vimkate vya jibini, za moto kila Jumapili mwezi mzima, mpaka kipa akalalamika kwamba kaptula inambana. Alipata kadi nyekundu tatu, zote kwa ajili ya mshambuliaji mmoja wa klabu ya ng'ambo ya reli. Simtaji jina, maana mama yake ananunua mkate ninaponunua mimi. Kila alipotolewa alimpa refa mkono kwanza. Mashabiki wetu waliichukia hiyo adabu kuliko kadi zenyewe.

Asubuhi kabla ya mazoezi alikuwa anapitia chumba changu cha kufulia kunywa terere, chai yetu baridi ya majani machungu. Pembe ya ng'ombe ya kunywea ni moja, mrija mmoja, mimi ndiye ninayemimina maji ya barafu. Unakunywa, unarudisha kimya, zamu inazunguka, inakurudia. Anayesema asante ametosheka, hamiminiwi tena. Karai hakuwahi kusema asante kwenye pembe yangu. Nililazimika kumfukuza mwenyewe: "Haya, toka, kocha anakutafuta."

Sasa nifike mwaka 2012. Don Arsenio angependa niandike kwamba mwaka ule Ovelar alituokoa tusishuke daraja, basi. Alituokoa kweli. Lakini kuna kipande kimenikaa kooni miaka kumi na miwili, na sitaki kimfuate mtu Encarnación bila yeye kukijua.

Msimu ule klabu moja ya Mexico ilikuwa inamtaka. Mtu wao alimwona mara mbili, akasema atarudi Januari na mkataba. Karai alinunua sanduku la safari, la bluu, akaliweka kwangu juu ya rafu, kwa sababu mama yake akiliona nyumbani alikuwa analia.

Jumapili ya mwisho ya Novemba tulicheza na hao wa ng'ambo ya reli. Tulihitaji pointi moja tu. Klabu haikuwa na daktari wakati huo. Aliyefunga bandeji ni mimi, na neno langu juu ya misuli ya wachezaji hakuna aliyelipinga, hata kocha. Karai alikuja akichechemea kidogo, akakaa juu ya meza ya kupigia pasi.

"Mama, paja linanivuta. Unalionaje?"

Nililishika. Kulikuwa na fundo la moto nyuma ya paja, kubwa kama limau. Nililijua vizuri sana. Fundo la namna ile linataka majuma matatu ya kupumzika, na asiyepumzika anachanika.

"Msuli umechoka tu," nikamwambia. "Utacheza."

"Kweli?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Akacheka, akavaa njumu.

Nilisema vile kwa sababu niliipenda klabu. Na nilisema vile kwa sababu niliogopa: tukishuka daraja, chumba cha kufulia ndicho cha kwanza kufungwa, nami nilikuwa na miaka hamsini na mmoja na hii kazi tu. Msinitafutie sababu nzuri zaidi ya hizo.

Dakika ya sabini na nane kipa alishapitwa. Karai alinyoosha mguu akautoa mpira kwenye mstari wa goli, na paja likachanika. Nililisikia kutoka kwenye benchi, au naamini nililisikia. Mechi ikaisha sare bila magoli. Mji mzima ukacheza barabarani, yeye akalazwa kwenye benchi langu, anatabasamu, uso umempauka. Alikaa nje miezi tisa. Mtu wa Mexico hakurudi Januari, wala baada ya hapo.

Juma la pili akaja kwa magongo, akasema, "Sogea, Mama, nina kiu." Nikammiminia. Maji mengine nikayamwaga kwenye bandeji yake. Akaifuta kwa kiganja, akanywa.

Mara moja tu nilijaribu, miaka mingi baadaye. Nikaanza, "Hivi, Karai, ile habari ya Mexico..." Akanikata: "Mexico wanakula pilipili sana, Mama. Ningeumwa tumbo." Akarudisha pembe. Mpaka leo sijui kama alijua. Kila Desemba nimetembea kwa miguu hadi Caacupé, kwenye kanisa la hija, mara kumi na tatu sasa, nikamweleza Bikira kila kitu. Aliyestahili kuelezwa alikuwa anakaa mbele yangu kila asubuhi.

Sanduku la bluu tulilitilia bendera za kona. Jana nilizitoa, nikalifuta vumbi ndani na nje. Kufuli bado ni zima.

Karai, ulikuwa mzima ukiwa na miaka ishirini na tatu, na mimi nilikutuma ukaumie. Nisamehe. Ishi vizuri huko Encarnación, wewe na mkeo, na watoto utakaowafundisha wageuze soksi zao. Jumamosi klabu itakuambia asante kwa kipaza sauti, na wanayo haki. Mimi sitakuwepo jukwaani. Nitakuwa chumbani kwangu, barafu iko tayari, pembe imejaa. Njoo unywe. Ukisema asante, nitaelewa. Ukinirudishia kimya kama siku zote, nitakumiminia tena.

Obdulia Ferreira
Mtunza jezi