Mita Nne na Ushei

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Kitasa chake bado kipo, na anayekaa upande huo huwa hakai sana. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo nasikia yote na kuchangia machache. Wateja wangu wa kudumu ni wanne. Yupo Waziri, dalali wa vyumba, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kuwa balozi wa nyumba kumi. Yupo Daktari, aliyekuwa akifungua geti la hospitali kwa miaka kumi na tisa. Yupo Soli, fundi viatu, anayeishi na mama yake kwenye nyumba ya mwisho kabla ya mto. Na yupo Karani, mstaafu, ambaye kila siku saa moja asubuhi hushuka darajani, husoma ubao wa kupimia maji uliopigiliwa kwenye nguzo, kisha huandika namba kwenye daftari la watu wa utafiti. Miaka kumi na moja hajaruka siku, ukiacha zile tisa za masika yaliyopita, alipokwenda kutolewa mtoto wa jicho. Asubuhi ninayoisema, Soli alikuja bila sanduku lake la kazi, akakaa upande wa kitasa na wala hakulalamika.

Soli: Wametuwekea alama nyekundu. Ukutani, chini ya dirisha la mama.

Daktari: Chini ya dirisha? Basi mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Soli: Karatasi inasema tumo ndani ya mstari wa mafuriko. Siku tisini tuwe tumehama, wapande miti na matete, mto upate pa kupumulia.

Waziri: Miti. Kwani mimi nimezaliwa jana? Nyuma ya kila mti kuna mkubwa anatafuta kiwanja.

Karani: Ramani ni ya watafiti, Waziri. Wanataka ijulikane wapi pa kujenga na wapi pa kuyaachia maji. Ni jambo jema.

Soli: Jema kwako, Karani. Wewe unakaa juu.

Karani alinywa kahawa yake.

Soli: Mama amezaa watoto sita katika chumba kile. Jana nimemkuta anaisugua ile rangi kwa kidole, ananiuliza kama inatoka kwa sabuni.

Hilo sikupenda kulisikia. Nilimwongezea kahawa ingawa kikombe kilikuwa hakijaisha.

Daktari: Mnajua matete yanaleta nini? Vyura. Na mate ya chura ndiyo yanatengeneza ganzi. Nimeyaona hospitali, maboksi kwa maboksi.

Waziri: Uliona vyura au uliona maboksi?

Daktari: Getini hupita maboksi. Chura hana kibali.

Waziri: Afadhali ingekuwa vyura. Taarifa nilizonazo mimi, mto wenyewe umeshauzwa. Kuna nchi haina mto hata wa dawa. Huo upimaji wa kila asubuhi unadhani ni wa nini? Wanahesabu mzigo.

Daktari: Na watausafirisha kwa nini, kwa ndoo?

Waziri: Haba na haba hujaza kibaba.

Daktari: Hapo umenena.

Soli: Sasa nyumba yangu inaingiaje?

Waziri: Hapo kwako ndipo mlango wa kutokea.

Daktari: Mimi nasema hata mvua siku hizi inaagizwa. Wanaongea na mawingu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ndiyo maana wale wapaka rangi wa juzi walikuja na suruali zimekunjwa.

Tulikuwa bado kwenye suruali alipopanda dada mmoja kutoka upande wa darajani, mabuti ya mpira miguuni, karatasi ndefu imekunjwa kwapani.

Dada: Shikamooni. Namtafuta anayeandika namba za mto. Mimi natoka kitengo cha ramani.

Karani alisimama, akafunga kifungo cha shingo. Miaka yote hiyo watafiti walikuwa wakimtuma mtu wa pikipiki kuchukua nakala. Hakuna aliyewahi kuja kumtafuta yeye.

Dada: Mzee, daftari lako ndilo zuri kuliko yote tuliyo nayo. Mstari mwekundu tumeuchora kwa namba yako kubwa kuliko zote. Mita nne na sentimita kumi, masika yaliyopita.

Karani: Siku hizo sikuwepo. Niliwaachia hawa daftari.

Dada: Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona ubao wenyewe. Unaishia mita tatu. Hiyo nne na ushei mliisoma wapi?

Hatukuisoma popote. Mvua ilikuwa kubwa na njia ya darajani ilikuwa tope. Waziri alikisia mita mbili na tisini. Daktari akapandisha tatu na nusu. Soli akasema wanaokaa juu hawajui maji, akachukua kalamu na kuandika nne na kumi. Mimi nililifunika daftari kwa sinia lisilowe. Niliona aibu.

Soli: Niliandika mimi. Ifute, dada yangu.

Dada: Nikifuta lazima niweke nyingine, la sivyo mstari unabaki hapo hapo. Nipeni ya kweli tu.

Soli: Ndani kwetu hayakuingia.

Dada: Hapo umeniambia yasikofika. Siku ile maji yalifika wapi?

Waziri alimtazama Daktari. Daktari alitazama ndani ya kikombe. Soli mwenyewe, anayelala pembeni mwa mto, siku ile alitoka na turubai kichwani na kuja moja kwa moja kwenye kahawa bila kugeuza shingo. Kutoka hapa hadi kwenye ubao ni hatua themanini. Tulikuwa wanne, na mgonjwa wa macho ndiye pekee ambaye angeshuka kutazama.

Karani alilitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akautafuta ukurasa wa siku ile, akauweka wazi mapajani kwa Soli. Juu yake aliweka kalamu.

Dada alisubiri. Nilitikisa birika, lilikuwa tupu, na hakuna aliyeinuka.