Vyumba Viwili vya Nyuma

Nisogeze huku dirishani, Biira, uniwekee mto mmoja zaidi mgongoni, maana leo nina maneno na kifua hiki hakitanipa nafasi ya kuyarudia. Immy, acha kulia, mwanangu. Umetoka Mweya alfajiri hujanywa hata chai, utalia ukishashiba. Fred, zima simu. Nimesema zima, sikusema uigeuze kifudifudi. Na wewe Kavira, usisimame mlangoni kama mgeni, kaa hapo karibu na Biira. Nitasema Kiswahili, niache Lhukonzo yetu, kwa sababu nimemwita Bwana Ocen wa ofisi ya mji, huyo aliyekaa kwenye kiti cha mama yenu na karatasi zake magotini, naye ametoka mbali huko kaskazini, lugha yetu haisikii. Nataka kila atakaloandika liwe nililolisema mimi Tefiro nikiwa na akili zangu zote.

Jambo lenyewe ni nyumba hii. Wiki ya tatu nimelala hapa sebuleni, na mtu aliyelala sana watu humsahau wakamwona kabati, kwa hiyo nimesikia yote mnayonong'onezana jikoni. Nimesikia kwamba Fred amepata tajiri huko Kasese anayetaka kuibomoa ajenge ghala, kwa kuwa tuko karibu na mpaka na malori hayaishi kupita. Nimesikia tajiri huyo aliuliza kama kaburi la mama yenu nyuma ya jiko linaweza kuhamishwa, na Fred akamjibu kwamba ataniuliza. Hujaniuliza bado, Fred. Immy amesema amechoka kuwapikia watalii mwaka mzima ili mshahara wake uishie kwenye kodi ya majengo, na hapo amesema kweli. Biira naye ndiye anayeishi hapa, akifungua mdomo ataambiwa anajipigania.

Nyumba hii niliijenga kwa chumvi. Miaka kumi na minne nilitoa chumvi Katwe nikaivusha mto Lhubiriha, ndio mpaka wetu, hadi Beni na Butembo, nikarudi na maharage na mafuta ya mawese, na kila safari iliyonipa faida niliongeza safu ya matofali. Mama yenu Kellen aliyachoma matofali hayo kwao Munkunyu akiwa na mimba ya Immy, na nilipomkataza alinicheka mbele ya mafundi. Siku tuliyopiga bati la mwisho alifagia vumbi la saruji, akasema sasa tumemaliza, hakuna tena wa kutudai mahali pa kulala. Maskini Kellen. Zamani ilikuwa hivyo kweli, mtu akimaliza nyumba amemaliza. Siku hizi unaijenga mara moja halafu unainunua upya kila mwaka, na kila mwaka bei imepanda, na wewe mwenyewe umezeeka na huna tena mgongo wa kubebea chumvi.

Karatasi ya kwanza ya kodi ilipokuja niliuza mbuzi wawili, nikalipa, nikaitia risiti ndani ya Biblia. Mwaka wa pili ikaja kubwa zaidi. Barabara imetiwa lami, soko jipya limejengwa, wakasema mahali petu pamepanda thamani. Pamepanda kwa nani? Chumba changu ni kilekile, na bati linavuja palepale. Immy akalipa. Mwaka huu imekuja na mhuri mwekundu, na barua nyuma yake inasema nisipolipa hadi mwisho wa mwezi nitapelekwa mahakamani. Nilimwuliza Bwana Ocen kama maiti anapelekwa mahakamani, akainama kuzipanga karatasi zake. Ni kijana mwenye adabu. Msimchukie, sheria hakuitunga yeye, na lami hiyo hata nyinyi mnaipita.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kosa, na kosa ni langu. Sheria inasema mwenye nyumba akiishi mwenyewe nyumbani kwake, asipangishe, kodi hiyo hatozwi. Inayotozwa ni nyumba ya wapangaji na ya biashara. Mimi naishi humu tangu Biira akiwa mgongoni, duka sina, gereji sina. Kwa nini basi tunatozwa? Mmelalamika miaka mitatu, lakini swali hilo hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza, nami nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba hamuulizi.

Kavira huyu mnajua kwamba alikimbia vita huko Beni, akavuka na watoto wake wawili na cherehani yake ya kuwalishia, nikampa vile vyumba viwili vya nyuma, mwaka wa nne sasa. Hamjui kwa nini, maana sikuwaambia. Baba yake, Gracien, alikuwa mteja wangu wa chumvi. Mwaka ule vita vilipofunga njia nikiwa Beni, mzigo wangu wote umeporwa, Gracien aliniweka kwake miezi minne. Nilikula sombe yake, yale majani ya muhogo, nililala kwenye kitanda cha mwanawe, na Kavira, mtoto wa miaka sita, ndiye aliyeniletea maji ya kunawa kila asubuhi. Siku ya kuondoka nilimpa Gracien saa yangu ya mkononi, akaitia tena mfukoni mwangu na kunisukuma nje ya mlango. Kwetu, ng'ambo hii na ng'ambo ile, mtu aliyekulaza bure, wewe na wazao wako hamchukui kitu kwa mtoto wake. Hilo wala si wema wa kusifiwa, ni utaratibu tu.

Basi Bwana Ocen alipokuja na mwenzake kupima nyumba, akaniuliza nyuma kule wanaishi nani. Siku zile watu walikuwa wanasema ovyo kwamba aliyeweka wageni wa ng'ambo bila kuwaandikisha ataitwa na afande ahojiwe. Niliogopa, nikasema ni wapangaji. Ningeishia hapo, pengine pangekuwa na nafuu. Lakini jirani yetu Muniru alikuwa amesimama pale uani, ametoka kujigamba muda uleule kwamba vyumba vyake vinampa laki moja kwa mwezi, na mimi Tefiro nishindwe na Muniru? Nikasema vyangu vinanipa laki moja na nusu, na wanalipa bila kusukumwa. Bwana Ocen akaandika. Jioni ile nilijiona mtu mkubwa, nikala nyama. Kodi yote mliyolipa imetoka kwenye laki moja na nusu ambayo haikuwahi kuwepo, na nilikaa kimya nikimtazama Immy akituma mshahara wake, kwa kuwa niliona haya kumwambia kijana wa ofisi kwamba mzee mzima alimdanganya ili amkomeshe jirani. Nisamehe, Immy. Usinijibu sasa, nisamehe polepole.

Ndiyo sababu nimemwita. Amekuja na karatasi ya pingamizi na wino wa kidole. Karatasi inasema kwamba Kavira hajawahi kunilipa pango hata shilingi. Nitaweka dole gumba, naye ataipeleka ofisini ili nyumba ihesabiwe upya tangu mwanzo. Ameniambia wazi kwamba hawezi kuahidi watakubali. Ameniambia pia kwamba anataka neno la huyo aliyeandikwa mpangaji, alisikie kwa masikio yake. Kavira, simama umwambie.

Mwambie, binti yangu, hakuna afande hapa. Mbona unaangalia chini? Kitenge hicho utakichana kwa kukisokota. Nimekuuliza wewe, sasa Fred unamtazamia nini? Biira, nipe maji. Hapana, acha maji kwanza. Kavira, sema kwa sauti, masikio yangu bado mazima.

“Papa, miye nalipaka. Tangu mwezi wa tatu. Kila mwisho wa mwezi, siku ya soko, Fred njo anakamata feza.”

Bwana Ocen, weka kalamu chini kidogo.

Fred. Nitazame. Hapana, usimkatize, amekwisha kusema na nimekwisha kusikia. Sema lako sasa. Unasema uliona laki moja na nusu kwenye karatasi yangu, ukadhani mama huyu anamdhulumu mzee mgonjwa, ukaenda kumdai kwa niaba yangu. Sawa. Na fedha? Ada za watoto, pango la Kasese, mambo magumu. Nayasikia yote, na ninakubali kwamba uongo uliokutana nao ulikuwa wa kwangu, mimi ndiye niliyeuweka njiani. Lakini nilikuwa humu humu, Fred. Ulipita hapa kila soko, ukanisalimia, ukaniachia ndizi mbivu, ukazunguka nyuma ya nyumba. Ungeniuliza neno moja tu.

Na wewe Kavira, ulidhani ni mimi niliyemtuma. Miezi saba umeniletea uji kila asubuhi ukijua kwamba Tefiro, aliyelala kwenu bure, leo anakutoza wewe. Hukuninunia hata siku moja. Nilipokuuliza mbona sisikii cherehani, uliniambia iko kwa fundi. Kumbe uliiuza ulipe pango. Ninakufa na aibu mbele ya mtoto wa Gracien, jamani, na aibu hii hata dawa ya hospitali haiipunguzi.

Ngojeni. Ngojeni nipumue.

Nini tena, Fred? Usininong'oneze sikioni, sema wote wasikie.

“Baba, weka kidole tu. Hayo mengine tutayamaliza sisi kwa sisi.”

Kidole tu. Ni kweli, nikikiweka pengine nyumba inapona, na hakuna wa kujua. Bwana Ocen mwenyewe naona anatazama nje kana kwamba hakusikia, wala simlaumu, anatuonea huruma. Na Mungu anisamehe, ninataka kukiweka. Nataka sana. Matofali yale ni mikono ya Kellen. Lakini karatasi hiyo inasema Kavira hakulipa hata shilingi, na amelipa mpaka cherehani. Ikishakuwa na dole langu, siku atakapokudai fedha yake utamfunulia karatasi, utamwambia baba aliapa kwamba hukulipa kitu. Nitakuwa nimemnyang'anya mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Siweki.

Bwana Ocen, andika upya. Andika kwamba tangu alipoingia mpaka mwezi wa pili mwaka huu alikaa bure, na mimi nilidanganya, uandike na laki moja na nusu ilitoka wapi, hata Muniru umwandike. Andika kwamba kuanzia mwezi wa tatu mwanangu Fred alimtoza. Hiyo ndiyo nitakayoiwekea dole. Wakikubali nusu, tutashukuru kwa nusu. Wakikataa yote, shamba la kahawa la Nyakiyumbu, nililokuwa nimemtengea Fred, liuzwe lilipe. Usiniangalie hivyo, Fred, nimesema liuzwe. Nyumba isiuzwe, si kwa tajiri wa ghala wala kwa mwingine.

Nyumba ni ya Biira. Aishi humu mwenyewe, asipangishe hata banda la kuku, na karatasi nyingine ikija asikae nayo ndani akilia, aende nayo ofisini aseme anaishi kwake. Wakipandisha, aulize kwa nini. Akijibiwa vibaya, arudi kesho yake aulize tena. Vyumba viwili vya nyuma ni vya Kavira, bure, mpaka siku yeye mwenyewe atakapopenda kurudi kwao, na Biira asimwulize atarudi lini. Immy, kiwanja cha mama yenu cha Munkunyu ni chako, ni kidogo, kiko kijijini bado, hakuna aliyekuja kukipima. Jenga kibanda uwe na pako, na mtu akikuuliza kinakuingizia kiasi gani, usijigambe kama baba yako. Mimi mnizike nyuma ya jiko, kando ya Kellen, sanduku la mbao za kawaida, na mchungaji asizungumze sana, watu... watu wana kazi zao.

Fred, fedha ya Kavira utairudisha yote. Anza na cherehani. Usimpe Biira ampelekee, wala usiitume kwa simu. Utaitia mkononi mwake mwenyewe, siku ya soko, watu wakiona.

Umemaliza kuandika, Bwana Ocen? Nisomee. Ndiyo. Ndiyo. Hivyo hivyo. Nishike mkono basi, uliongoze dole. Bonyeza. Asante, kijana. Ukifika ofisini waambie mzee amekiri, wasimcheke sana.

Biira, njoo. Mikono yangu iweke kichwani mwako wewe mwenyewe, sina nguvu ya kuiinua. Mungu akupe usingizi mzuri ndani ya nyumba hii, na mtu wa kuzungumza naye jioni. Immy... uko wapi? Kumeingia giza au ni macho yangu? Immy, Mungu akurudishie ulichonilipia, kwa njia ambayo... kwa njia yake. Nendeni na amani.

Fred, inuka. Usinipigie magoti mimi. Sikukatai, wewe ni mwanangu, nilikubeba mabegani mpaka Katwe ukaone ziwa. Lakini baraka yako... sitaitoa mimi. Nimempa Kavira aitunze. Kavira, umesikia? Siku atakapokurudishia ya mwisho, si kabla, utamwekea mkono kichwani... useme ambayo ningesema mimi. Akichelewa usimfuate. Usimlaani pia.

Mgeukie, Fred. Mwite dada.

Sikusikia, mwanangu. Mwite tena.