Sikio la Gurracha

Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, saa kumi na dakika ishirini jioni, Farhiya alifika kwenye benchi la Kinsi akiwa na habari njema, na hizo habari njema ndizo zilizomponza. Benchi lenyewe ni ubao wa bodi ya lori lililokufa zamani, umelazwa juu ya mawe ya kujengea, kati ya fundi wa kuziba pancha na duka la mitungi ya maziwa, upande wa mji wa Isiolo ambao vumbi la lori za Moyale hutua polepole. Kinsi huchemsha kahawa ya tangawizi hapo tangu alasiri hadi birika liishe, na wateja wake wa kudumu ni watu wazima watatu ambao hawajawahi kukubaliana hata kuhusu siku ya wiki. Dabasso huitwa Spika, kwa sababu hakuna anayeanza kuongea kabla yake. Abdinajib huitwa Kanali: babu yake alikuwa askari wa Mwingereza, yeye mwenyewe hajawahi kushika bunduki, lakini hukaa kama mtu anayesubiri kupigiwa saluti. Gababo huitwa Redio, na sababu yake mtaisikia. Wote wanaishi mjini, na ngamia wao wako nje kwa ndugu: wa Spika Korbesa, wa Kanali Kinna, wa Redio Garbatulla. Farhiya, mtoto wa kaka yake Kanali, humwita ami yake adeer, na hakuwa na jina la kijiweni. Alikuwa na shahada ya sayansi ya mifugo, mkataba mfupi katika ofisi ya mifugo, na tabia ya kurudi kuangalia kama kweli amefunga mlango.

— Salaam aleikum, adeer. Salaam aleikum, wazee.

— Aleikum salaam. Kaa hapa, — alisema Kanali, akimsogezea nafasi. — Leo uso yako inacheka. Ofisi imekupatia gari?

— Nimemaliza ile kazi ya ngamia wadogo. Kesho saa tatu asubuhi bosi wangu, Bi Hoda, anatuma Nairobi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila nchi hutakiwa kueleza ina mifugo gani ya asili, wamebaki wangapi, na inafanya nini wasipotee. Nairobi hukusanya majibu kutoka kaunti, kisha ripoti ya Kenya huenda Roma, kwenye shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Farhiya alikuwa amepewa ngamia wadogo weusi, wale wa zamani, wenye maziwa machache na miguu isiyochoka. Watu wengi wamewaacha wakakimbilia ngamia wakubwa wa maziwa mengi, ingawa ukame uliopita wakubwa walianguka njiani na wadogo wakaendelea kutembea. Majike bado walikuwa wengi. Wasiwasi ulikuwa kwa madume wa mbegu: wakiwa watano au chini, aina hiyo huandikwa kuwa iko katika hatari kubwa, na serikali hulazimika kuweka mpango wa kuiokoa. Farhiya alipiga simu wiki mbili. Akapata sita.

— Sita! — alisema. — Tumepita mstari.

— Sasa hiyo Roma, — aliuliza Spika, — dume yetu inawahusu na nini?

— Ushuru, — alidakia Redio. — Mimi nimesikia. Leo wanauliza dume ngapi, kesho dume inalipa kodi kwa kila jike imepanda.

— Ushuru ni kitu ndogo, — alisema Kanali. — Wanataka mbegu. Wanaweka kwa friji, sisi tunalala. Siku ngamia yetu ikiisha, tunanunua ngamia yetu kutoka kwao. Na risiti unapewa.

— Nyinyi mnaona karibu, — alisema Spika. — Huko kwao jua inazidi kila mwaka. Ng'ombe yao itaanguka yote. Mtaona Mzungu anahama na ngamia katikati ya Roma, bibi yake nyuma na mtungi, wanatafuta kisima.

— Na lazima ngamia ipewe kitambulisho ndiyo ivuke mpaka, — alisema Redio. — Wallahi itapewa kabla ya kijana yangu. Yeye kila mwaka anaitwa vetting, anaulizwa babu yake alizikwa wapi.

— Ikipata kitambulisho itapiga kura, — alisema Kanali.

— Ipige, — alisema Kinsi, akiwajazia vikombe. — Itachagua vizuri kuliko nyinyi.

Farhiya alicheka nao. Baadaye alikumbuka kwamba huko ndiko kulikuwa kucheka kwake kwa mwisho siku hiyo.

— Basi uandike vizuri, — Spika alijinyoosha. — Huyo dume wa Korbesa umuweke wa kwanza. Huyo si ngamia, ni mwanajeshi. Fisi ilimshika sikio, sikio ikapasuka, lakini asubuhi fisi ndiyo tulipata imelala.

— Hata wa Kinna ni mkali hivyo, — alisema Kanali. — Yeye sikio ilipasuliwa na waya ya shule. Shule ndiyo ilihama.

Farhiya alishusha kikombe.

— Sikio gani, adeer?

— Ya kushoto.

— Na wa Korbesa, mzee?

Spika aliangalia barabara kana kwamba anamngoja mtu.

— Hata yeye kushoto. Fisi ilitoka upande hiyo.

— Wa Garbatulla, — alisema Redio, sauti ikipungua, — alipasuliwa na pikipiki.

— Sikio la kushoto?

— Sasa, intal, binti yangu, pikipiki ya Kenya inapita upande gani ya barabara?

Fundi wa pancha aliacha kupiga nyundo.

— Wazee, naomba mnijibu pole pole. Hawa ni ngamia watatu, au ni ngamia mmoja?

Kinsi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika birika lisianguke.

— Gurracha! — alisema. — Hawa wote wanakuambia habari ya Gurracha!

— Ni Gurracha, — alikubali Redio. — Dume yetu mweusi.

— Lakini nyinyi wote mliniambia mna dume!

— Si tuko naye? — Spika aliudhika. — Unanipigia simu, unaniuliza, mko na dume? Niseme hapana? Nikisema hapana nimesema ngamia yangu ni tasa. Nani atatoa maneno kama hiyo kwa simu, na watu wamekaa hapo wanasikia?

— Ungesema ni wa kuazima.

Kanali alifunga macho kama mtu aliyetukaniwa mama.

— Farhiya. Dume akiwa kwa jike zako, hiyo neno haitoki kwa mdomo. Ukisema ni ya fulani, umemwambia fulani akuje achukue. Zamu yako ikifika, ni wako. Zamu yako kama haijafika, ni wako anakuja.

— Na mwenyewe hasa ni nani?

— Hiyo sasa, — alisema Spika, — ni maneno ya familia.

Farhiya alijilaumu papo hapo, na hakujilaumu kwa jumla jumla. Aliona kosa lenyewe lilipo. Aliuliza kama kuna dume. Hakuuliza dume huyo analala wapi usiku wa leo. Kisha likamjia jambo jingine, baya zaidi.

— Spika, yule mpwa wako niliyempigia, wa Merti?

— Huyo tunampatia Gurracha sisi tukimaliza.

— Na shemeji yako, Redio?

— Yeye anapokea kutoka kwa huyo mpwa.

— Na yule rafiki yako, adeer, aliyesema dume wake ni mtulivu sana?

— Huko anafika amechoka, — alisema Kanali. — Lazima awe mtulivu.

Watu walicheka tena, hata fundi wa pancha. Farhiya hakucheka. Madume sita aliowalea wiki mbili katika kompyuta, akiwapanga na kuwapangua, walikuwa wamekufa wote ndani ya kikombe kimoja cha kahawa, akabaki mmoja mwenye sikio na nusu.

— Sasa unaogopa nini? — alisema Spika. — Acha sita. Sita ni heshima. Utaambia dunia Isiolo nzima iko na dume moja?

— Na wakisikia ni mmoja watakuja kumbeba, — alisema Kanali.

— Watamweka kwa friji mzima mzima, — alisema Redio. — Na kwato.

— Hakuna anayembeba! — Sauti ya Farhiya ilipanda kuliko alivyotaka, na hapo kila mtu akamtazama. — Wakisikia ni mmoja, watalazimika kufanya kitu. Watakuja kuchukua mbegu yake kidogo iwekwe, na watasaidia anayemtunza. Wakisikia ni sita, watasema Isiolo hakuna shida, watageuza ukurasa. Halafu Gurracha afe mwaka huo huo. Hatutakuwa na wa kumlilia, maana tutakuwa tumeandika wenyewe kwamba tuko sawa.

— Gurracha hawezi kufa, — alisema Spika.

— Meno yake yakoje?

Spika alizungusha kikombe chake.

— Imeisha kidogo.

Mtu mmoja alikuwa amesimama muda wote huo kwa fundi akingoja gurudumu la pikipiki yake, kofia ngumu mkononi. Fundi alimwambia bado dakika chache. Akasogea, akaomba kahawa, Kinsi akampa.

— Habari zenu, wazee. Mimi naitwa Lowoi, napita tu, naenda Archer's Post. Nisameheni, nimesikia bila kutaka. Huyo mzee amepanda jike ya watu wengi hivyo. — Akapuliza kahawa. — Sasa watoto wake wa kiume mmeweka wapi?

Spika, ambaye huongea kwanza, alimtazama Kanali. Kanali alimtazama Redio. Redio alifungua mdomo, habari haikutoka.

Farhiya alijua jibu kwa jinsi walivyotazamana, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake kama mtu anayedai. Ndama dume hunywa maziwa ambayo mama wa sokoni angeyauza, na siku ya kuuzwa kwa nyama humkuta bado mdogo. Kila mwenye ngamia alikuwa ameuza wake bila wasiwasi, akijua kwamba dume ni wa wote, na kwamba bila shaka katika hao wote kuna mmoja anayemlea mrithi.

Gurudumu likawa tayari. Lowoi alirudisha kikombe, akashukuru, akawasha pikipiki akaenda.

— Kahawa imeisha, — alisema Kinsi, ingawa kifuniko cha birika kilikuwa bado kinacheza kwa mvuke.

Asubuhi ya Jumatano Farhiya alikuwa mlangoni kwa Bi Hoda kabla mlango haujafunguliwa. Bi Hoda alimkuta hapo, funguo mkononi.

— Sita, sivyo? Nitume?

— Mmoja.

— Jana uliniambia sita.

— Jana nilikuwa nimehesabu watu, Bi Hoda. Sikuwa nimehesabu ngamia.

Bi Hoda aliketi bila kuweka mkoba chini.

— Nairobi wataniuliza mimi.

— Waambie waniulize mimi.

Bosi wake alivuta kompyuta, akafuta, akaandika. Kisha akauliza bila kugeuka, na hakuuliza kwa ubaya: — Na wakituuliza tena mwakani, Farhiya? Tutasema mmoja, au tutasema hakuna?

Farhiya alitoka nje. Langoni alimkuta Redio amesimama na koti lake la Idd, peke yake, bila sauti yake ya redio.

— Kuna mmoja, — alisema.

— Mmoja nini, mzee?

— Ndama. Dume. Alizaliwa mvua ya Aprili, kwa dada yangu Abiba, kule Garbatulla. Mweusi kama baba yake.

— Jana mbona ulinyamaza?

— Nimeshapatia mtu wa nyama. Gari inaenda kumchukua leo asubuhi. Nimetoa neno, intal. Mimi siwezi kurudisha neno.

Lakini mtu hatembei mji mzima na koti la Idd kuja kusema tu kwamba haiwezekani. Redio alikohoa, akaiambia barabara:

— Lakini ngamia hashushi maziwa kama ndama hayuko. Hiyo kila mtu anajua. Na maziwa si yangu, maziwa ni ya Abiba. Sasa Abiba akikataa, ati mama atakauka, mimi nitafanya nini? Hapo neno yangu haijavunjika. Imeshindwa.

Akataja namba ya simu ya dada yake, mara moja, haraka. Kisha akampa Farhiya mgongo, akaenda hadi mwisho wa ua ambako hawezi kusikia, akasimama hapo mikono nyuma.

Farhiya huwa hapigi simu kabla ya kujisemea maneno yake kwanza, hata akiwa anaagiza gesi. Leo alipiga tu.

— Nani? — Nyuma ya sauti ya Abiba kulikuwa na upepo, na injini inayonguruma mahali pamoja.

— Farhiya, wa ofisi ya mifugo Isiolo. Mama Abiba, nakuomba, ndama mweusi asitoke leo. Waambie mama yake atakauka.

— Gari iko hapa. Wameshamfunga kamba. — Injini ilizimwa. Mwanamume mmoja aliuliza kitu kwa ukali, na Abiba akarudi kwenye simu. — Huyu mtu anataka kujua nani amekataza. Ni ndugu yangu amekataza?

Farhiya aliutazama ule mgongo mwisho wa ua.

— Si yeye, — alisema. — Ni mimi. — Na akataja jina lake lote, la baba na la babu, pole pole, ili wasije wakalaumu mtu mwingine.