Muulizeni Sindano Mwenyewe

Sogeeni wanangu, leo nataka masikio yenu, si mikono yenu. Mwalimu, kifungua mimba wangu, kaa upande wa dirisha nikuone uso. Na wewe Muuguzi, acha kunishika mapigo kila dakika, yakikoma utajua tu. Nina maneno machache, na pumzi ni chache kuliko maneno, kwa hiyo asinikatize mtu.

Nianze na mali, maana najua watu wakishafuta machozi mali ndiyo inayoanza kusema. Nyumba hii ya vyumba viwili ni yenu wawili, na fungu la marehemu mdogo wenu ni la mwanawe, huyu tuliyempa jina la Sindano kwa sababu ndiye anayenitungia uzi tangu macho yangu yalipopungua. Msilile fungu lake wala msijifanye mmelisahau. Cherehani ni ya Muuguzi, ingawa hata kuizungusha hajui. Kabatini mna vitambaa vitano vya wateja, kila kimoja na karatasi yake ya vipimo. Virudisheni kwa wenyewe kabla hamjagusa changu chochote. Na mkasi wangu mkubwa asikatie mtu karatasi, nitamtokea.

Sasa lile lililonikaa kooni. Jana mchana mlijifungia sebuleni, mkamtuma Sindano chumvi wakati kopo la chumvi limejaa mpaka mdomoni. Mlidhani nimelala. Ugonjwa umenichukua miguu, wanangu, masikio umeniachia. Nikawasikia mkimgawa mtoto wa miaka kumi kama kitambaa: muhula wa shule kwa Mwalimu, likizo kwa Muuguzi, vitabu huku, kitanda kule. Mlinuia wema, silikatai hilo. Lakini hakuna aliyefungua mlango akamwita mwenye maisha yake, na wewe Mwalimu ulisema, "Mtoto ataambiwa siku ikifika," wewe ambaye kutwa unawahimiza watoto wa watu wanyooshe mikono waseme.

Siwalaumu sana, maana tabia hii mmeirithi kwangu. Muuguzi, nisikilize. Ulipokuwa na miaka tisa nilikupeleka kwa mjomba wako, mji mwingine, kwa kuwa baba yenu alikuwa kitandani na mimi mikono yangu ni miwili tu. Nikakwambia unakwenda kutembea, siku tatu. Nikakushonea magauni matatu mapya, na kila gauni nikaliachia upindo wa vidole vinne, ili ukirefuka mke wa mjomba wako aushushe, nikajiona mwerevu kweli. Nikasahau kwamba mtoto huyu nimemlea chini ya meza ya cherehani. Pale kituo cha basi uliinua upindo wa gauni ulilovaa, ukaupima kwa vidole vyako, ukanitazama. Nguo ya siku tatu haiachiwi upindo wa vidole vinne, na wewe ulilijua hilo kuliko mtoto yeyote. Ulikaa kule miaka minne. Uliporudi pindo zote zilikuwa zimeshushwa, na ukaniita mama kama mtu anavyomwita mama wa jirani, na mpaka leo ukija hapa nyumbani kwenu unabisha hodi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu lako naliona miaka thelathini na nimejifanya kipofu. Nisamehe mwanangu. Pengine hata ningekuuliza ungekwenda vilevile, maana nyumba ilikuwa imetuelemea, lakini ungekwenda ukijua, na ungeniambia unataka nije kukuona lini. Lia ukitaka, ila usitoke nje.

Watu husema penye wazee haliharibiki neno. Mimi nimeshona nguo za watoto miaka arobaini, na zilizokuwa zinanirudia ni zile ambazo mzazi alikuja peke yake akasema, "Wewe mkatie tu, huyo ni sawasawa na dada yake." Hakuna mtoto aliye sawasawa na dada yake. Gauni likibana kwapa, anayejua ni mwenye kwapa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapo wanaosema mtoto akililia wembe mpe, mimi sisemi hivyo, wala sisemi mtoto awe mkubwa wa nyumba. Nasema aulizwe kabla, asikilizwe mpaka amalize, na mkimkatalia mwambieni kwa nini, huku mnamtazama machoni.

Kwa hiyo Mwalimu, fungua mlango. Yupo hapo nje, miguu yake naiona kwa chini tangu nilipoanza. Ingia mama, kaa hapa, mjomba hali watu. Bibi yako anaondoka, hilo unalijua, hatutadanganyana. Unataka ukaishi wapi? Usisome uso wa mjomba, wala wangu. Sema kwa sauti, mama mkubwa naye asikie.

Kwa shangazi yako, ndivyo unavyosema.

Mwacheni, hajamaliza. Kwa shangazi yako, mwoka mikate. Wanangu, mnajua mimi na yule mwanamke hatusemezani mwaka wa sita huu. Mkate wake tunanunua, salamu yake hatupokei. Siku tulipomzika binti yangu na mumewe, waliokufa kwenye gari moja, nilimwambia mbele za watu kwamba kaka yake ndiye aliyeshika usukani, na ndiye aliyeniulia mwanangu. Naye alikuwa amekuja kumlilia kaka yake. Na kwa nini kwake, mjukuu wangu? Sema, bibi hakasiriki.

Kwa sababu kule wanamtaja mama yako.

Mmesikia? Ngojeni kidogo, nivute pumzi. Miaka sita nimekataza binti yangu asitajwe ndani ya nyumba hii, picha zake nimezifungia, nikajisifu kwamba namkinga mtoto, kumbe ninayemkinga ni mimi. Kila asubuhi akichelewa na mkate nilimgombeza, na kumbe alikuwa amesimama pale anasimuliwa habari za mama yake. Sikumuuliza hata siku moja.

Jibu hilo limenichoma. Nilitumaini atasema anabaki hapa, na mmoja wenu ahamie. Lakini sitalibadilisha, nanyi msilibadilishe nikishafumba macho. Mwalimu, nenda leo kwa shangazi yake, nenda na Sindano mwenyewe, umwambie nimesema nilimkosea siku ile, na kwamba singoji jibu. Kisha muulizeni kama ataweza. Kukiwa na kikwazo, kaeni chini mkitafutie dawa mtoto akiwepo.

Nizikeni upesi, bila hotuba. Mwalimu, Mungu akupe masikio marefu kuliko fimbo yako. Muuguzi, Mungu akupe... akupe nyumba usiyoibishia hodi, hata ikiwa ni hii. Mpendane. Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza.

Sasa nendeni sebuleni, mniachie Sindano. Mleteeni zile picha, ufunguo uko shingoni kwangu, nifungulieni... mikono haiwezi.

Njoo karibu, mama, sauti inakwisha. Nilitaka nikwambie mama yako alivyozaliwa, au alivyokuwa akicheka... lakini hapana. Uliza wewe. Nianzie wapi?