Dawa Ipi? Maisha ya Baba Yetu, Mtunza Stoo

Ndugu, jamaa na majirani, mkituona tunacheka msitushangae. Marehemu baba yetu alikuwa hapendi watu wanaonuna.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tano wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la nane. Sayansi aliambulia sifuri, na cheti chenyewe alikitundika sebuleni ili wajukuu wamcheke vizuri.

Mwaka 1971 aliajiriwa stoo ya kituo cha kusafishia maji. Palikuwa na matangi mawili, la klorini na la asidi, na watu waliyaita yote "dawa ya maji". Baba aligoma. Ukimwomba dawa, anakuuliza, "Dawa ipi?" Likawa ndilo jina lake. Alipomtania mpishi wa kantini, naye akamjibu, "Ngoja, dawa yako iko jikoni!", baba aliuliza, "Ipi?" Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1974.

Tarehe 9 Juni 1992, saa nne asubuhi, dereva mgeni alileta mzigo ambao hati yake iliandikwa "dawa" tu. Alikuwa ameshaunga mpira kwenye tangi la klorini, bado kufuli la koki tu, na ufunguo alikuwa nao baba. Baba akamuuliza swali lake.

"Ah, mzee, dawa si dawa tu?"

Baba akakataa kufungua. Meneja akafoka, "Fungua, au kesho usije!"

"Kesho sitakuja, lakini leo sifungui," akajibu, akatia ufunguo ndani ya soksi.

Walipofuta vumbi kwenye lebo ya lori, wakakuta ni asidi. Meneja aliketi chini palepale. Hizo mbili zikikutana hutoa gesi inayounguza mapafu, na pembeni ya matangi vibarua tisa walikuwa mtaroni wakizibua. Meneja aliomba radhi mbele ya wote, na kesho yake baba alikuwa kazini kama kawaida.

Alistaafu mwaka 2008. Januari 2023 moyo ulianza kumsumbua. Muuguzi akisema, "Mzee, dawa," wodi nzima inaitikia, "Ipi?" Alifariki tarehe 2 Agosti, saa tatu asubuhi, mama kamshika mkono. Tulilia, tena sana.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Wale tisa wa mtaroni walituuliza waandikwe wapi. Tumewaandika hapa, pamoja na sisi watoto wake. Wote wapo, wazima wa afya, na ndio waliobeba jeneza.

Pumzika, baba, kwa amani tele.