Gari la Mradi Limeondoka

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya karakana ya baiskeli, pale lami inapokwisha na barabara ya vumbi inaanza kupanda kwenda msituni. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo. Siku hiyo nilimimina vikombe bila kusikia utani hata mmoja. Asubuhi, gari jeupe la mradi wa kulinda msitu, ule uliokuwa ukigharamiwa na wafadhili wa ng'ambo, lilipita limejaza viti na meza, na dereva hakutupungia mkono. Ofisi yao ilibaki na kufuli mlangoni.

— Serikali ya huko kwao imebadilika, alianza Redio, fundi cherehani ambaye habari zote hupita kwake kwanza. Hii mpya haitaki kusikia mambo ya miti.

— Miti imewakosea nini? aliuliza Fundi, mwenye karakana.

— Wee, hewa ya msitu wetu si waliinunua? Viwanda vyao vinafuka moshi, sisi huku tunawasafishia. Sasa wameshapata ya kuwatosha.

— Wameiweka wapi?

— Kwenye mitungi! Vile visanduku walivyofunga mitini ulidhani vya nini?

— Acha zako. Hao wameona madini. Wanangoja miti iishe, warudi na matingatinga.

— Basi ni mvua, alisema Redio. Msitu ukifyekwa, mawingu yatakosa pa kutua, yatahamia kwao. Ndicho wanachotaka.

Msumeno alikuwa ameketi pembeni, koti la kijani la mradi bado mwilini. Zamani alikuwa mpasua mbao. Mradi ndio uliomfanya mlinzi wa msitu. Alikuwa mapumzikoni, na habari ya kuachishwa kazi ilimfikia kwa simu.

— Mashine yangu ya kukatia bado iko uvunguni, alisema. Mke wangu kaniuliza kama inawaka.

— Ukamjibuje? nikamuuliza.

— Nikajifanya nimelala, dada. Watoto wanataka kula. Lakini chemchemi tunayokunywa wote si inatoka hukohuko?

Lori tupu lilitupita likipanda, vijana wamesimama nyuma wakiwa na kamba na minyororo.

— Wanafuata kuni, alisema Redio. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Vumbi halijatulia, akatokea mwanamke kijana kwenye njia ya mkato, mtoto mgongoni, kiatu kimoja mkononi.

— Shikamooni. Gari la mradi liko wapi?

— Marahaba, mwanangu, niliitikia. Kaa kwanza, unywe maji.

— Sina muda, mama. Tangu asubuhi watu wameingia msituni na mashine. Mume wangu yuko peke yake kwenye kibanda cha walinzi, na simu huko haishiki. Kaniambia, kimbia ukawaite wenye gari.

Msumeno aliinua uso.

— Wewe ni mke wa Mrefu?

— Ndiye mimi, shemeji. Nyie si mnalinda pamoja?

— Shemeji, mradi umefungwa. Tumeachishwa wote.

— Umefungwa? Mbona yeye hajui! Kavaa koti lao, kashika rungu, kasimama mbele ya watu wale. Anajua gari linakuja.

Nilimmiminia Redio kahawa mpaka ikafurika vidoleni mwake. Hakuvuta mkono. Yule mwanamke alitutazama mmoja mmoja, akaitazama barabara, kisha akageukia benchi tena.

— Sasa nimwambie nani?

Mtoto alianza kulia. Msumeno akaweka kikombe chini, akainuka, akafunga vifungo vya koti lake mpaka shingoni. Akashika barabara ya vumbi, kule lilikoelekea lori.